Stoo ya Dawa: Kadi Kwanza, Kompyuta Baadaye

Tunapotembelea zahanati za parokia hapa Tanzania, kamati nyingi hutuuliza: tununue programu gani ya kompyuta ya kusimamia dawa? Swali ni zuri, lakini sisi kwanza huomba ufunguo wa stoo. Katika stoo moja tulikuta katoni za dawa mseto ya malaria zimekwisha muda wake, na papo hapo vidonge vya amoksilini vya watoto havikuwepo kwa wiki tatu. Kompyuta ilikuwepo, mezani, imefunikwa kitambaa. Fedha iliyopotelea katika katoni zile ilitokana na sadaka za waumini na michango ya wafadhili, na mama aliyeleta mtoto mwenye nimonia aliandikiwa karatasi akatafute dawa mjini.

Mfumo wa kutunza stoo, uwe wa karatasi au wa kompyuta, hujibu maswali matatu tu: tunacho kiasi gani, kinatumika kwa kasi gani, na tuagize lini. Jibu la kwanza hutoka kwenye kadi ya stoo. Kila dawa na kila kipimo chake huwa na kadi yake, inayokaa pale pale rafuni. Huandikwa tarehe, namba ya hati, iliyoingia, iliyotoka, salio, tarehe ya kwisha muda na sahihi. Kuandika hufanyika wakati dawa inapohama, si jioni kwa kukumbuka. Katoni mpya hupangwa nyuma, na ile itakayokwisha muda mapema hukaa mbele itoke kwanza, hata kama ndiyo iliyofika mwisho. Dawa mseto inahitaji uangalifu zaidi, maana pakiti zake hutofautiana kwa uzito wa mgonjwa. Stoo inaweza kujaa pakiti za watu wazima na isiwe na hata moja ya mtoto wa kilo 10.

Swali la pili ndilo linalopotosha wengi, nasi tungeomba wanakamati walisome taratibu. Tuseme katika miezi mitatu yalitoka maboksi 60 ya amoksilini. Wengi watagawa kwa tatu na kupata 20 kwa mwezi. Lakini kadi ikionyesha kuwa kwa siku 30 rafu ilikuwa tupu, basi maboksi 60 yalitumika kwa miezi miwili tu, na mahitaji halisi ni 30 kwa mwezi. Zahanati ikiagiza kwa hesabu ya 20, dawa itakwisha tena mapema, matumizi yataonekana madogo tena, na oda ijayo itakosea vile vile. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyezembea. Hesabu yenyewe ndiyo inayozalisha upungufu. Programu ya kompyuta isiyoingiziwa siku za kukosa dawa itafanya kosa hilo hilo, tena kwa haraka na kwa karatasi iliyochapwa vizuri.

Ukishapata 30, swali la tatu ni jepesi. Kama mzigo huchukua mwezi mmoja kufika, na mnataka akiba ya mwezi mmoja kwa ajili ya mvua na barabara mbovu, agizeni salio linapofikia maboksi 60. Namba hiyo iandikwe kwa kalamu nyekundu juu ya kadi.

Kuhesabu dawa kwa mkono hakuepukiki. Dawa za bei kubwa na zinazotoka haraka zihesabiwe kila mwezi, nyingine kila robo mwaka, na mhesabuji asiwe mtunza stoo peke yake. Tofauti ikionekana, msikimbilie kumshuku mtu. Mara nyingi tumekuta kadi ya stoo ikiandika parasetamoli kwa makopo, na chumba cha kutolea dawa kikiandika kwa vidonge. Kopo moja la vidonge 1,000 likiandikwa kama kidonge kimoja, mtu mwaminifu anaweza kuchafuliwa jina bure.

Sasa kompyuta. Kwa zahanati ndogo yenye dirisha moja la dawa, kadi na leja zinatosha. Jedwali la kompyuta husaidia pale mtu mmoja anapoweza kulijaza kila wiki na kuhifadhi nakala nje ya jengo. Programu kamili inayounganisha stoo, dirisha la dawa na malipo inafaa kituo chenye wodi na madirisha kadhaa. Muuzaji aulizwe mambo matatu: umeme ukikatika tunaandika wapi; tukiachana naye tutatoka na takwimu zetu kwa namna gani; na ada ya mwaka wa tatu atalipa nani, mradi ukiwa umefungwa? Sisi tungependa kituo kioneshe miezi sita ya kadi zinazolingana na rafu kabla ya kuomba fedha za programu.

Kwa wafadhili tuna ombi. Dawa za msaada nazo huingizwa kwenye kadi, na zisizohitajika hujaza rafu vile vile. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu misaada ya dawa, iliyotolewa mwaka 1996 na kurekebishwa mwaka 1999 na 2010, inataka dawa zitumwe kwa mahitaji yaliyoelezwa na mpokeaji, na kwa kawaida ziwe zimebakiza angalau mwaka mmoja wa matumizi zinapofika nchini. Tafadhali ombeni orodha kutoka kituoni kabla ya kufunga sanduku.

Zilizokwisha muda zitengwe, ziandikwe kwenye daftari lao na kuondolewa kwenye salio. Zisichomwe nyuma ya jiko wala kutupwa chooni. Uteketezaji wake una utaratibu chini ya TMDA, na mganga mfawidhi aanzie kwa mfamasia wa wilaya. Katika kikao kijacho, kamati imwombe alete kadi tatu zozote, kisha wajumbe wawili waende nazo rafuni wakahesabu.