Joto la Ziwa na Uzushi wa Baridi

Kila mwaka ifikapo Juni, upepo wa kusi unapokaza na ukungu ukateremka kutoka Mlima Meru, ukatanda juu ya kahawa ya Burka na mapaa ya Olasiti hata jua lisionekane mpaka saa nne au saa tano za asubuhi, huletewa swali ambalo nimekwisha kulijibu msibani, harusini na katika foleni ya benki: iwapo baridi ya Arusha ni kali namna hii, na iwapo maziwa makubwa ya Marekani huwaangushia watu theluji ya kufika kifuani, je, Ziwa Victoria nalo halitawapiga jamaa zetu wa Mwanza na Bukoba kwa theluji, au walau kwa dhoruba ya baridi, katika miezi hii? Swali hili huulizwa kwa nia njema, na aghalabu muulizaji ana ndugu anayevua dagaa au mzigo anaoungoja uvushwe. Lakini limejengwa juu ya dhana batili, ambayo mwaka baada ya mwaka huwafanya watu wenye akili timamu waogope miezi isiyostahili hofu hiyo na kuiamini saa isiyoaminika.

Dhana yenyewe ni kwamba baridi ndiyo izaayo theluji, na baridi ndiyo izaayo dhoruba. Imeenea mno, imevaa joho la busara, na hata wasomi huitamka bila ya kusita. Nami nasema waziwazi kwamba ni uzushi. Kazi ya baridi katika jambo hili ni kuamua umbo tu, yaani kama kitakachoanguka kitakuwa maji au theluji. Mali yenyewe inayoanguka, na nguvu inayoipandisha hewa hata ikawa wingu la radi, hutoka kwenye maji yenye joto na mvuke wake. Pasipo mvuke, baridi ni baridi tu: huuma vidole, hukausha midomo, na haileti kitu kingine.

Ithibati ya kwanza haihitaji safari, kwa maana iko mbele ya macho yetu siku ambazo mawingu yanafunguka. Julai ndio mwezi wa baridi kuliko yote hapa Arusha, na alfajiri yake joto hushuka hata kukaribia nyuzi 12. Na juu ya kilele cha Meru, kilicho kwenye kimo cha mita 4,566, hali ni kali maradufu. Lau baridi ingekuwa ndiyo mzazi wa theluji, Julai ungekuwa mwezi wa kuuona mlima umevaa kilemba cheupe. Lakini mwenye kuutazama mlima kwa makini anajua kwamba Meru hupakwa weupe kwa nadra, na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, hupata theluji yake mpya kwa wingi, katika majira ya masika na vuli, ambayo si majira ya baridi bali ni majira ya unyevu. Ukungu wa Juni na Julai unaotusumbua Olasiti ni tabaka jembamba la hewa yenye unyevu iliyosukumwa na kusi ikaegemea mlima. Juu yake hewa ni kavu, na ndiyo maana tunatetemeka siku nzima tukaambulia manyunyu.

Twende sasa Buffalo, mji wa jimbo la New York ulio kwenye ncha ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Erie, ambako Wakongo na Wasomali wengi waliopelekwa huko kama wakimbizi, wengine wao wasemaji wa Kiswahili, wamekwisha kuijua theluji hiyo kwa koleo mikononi. Baina ya tarehe 17 na 20 Novemba 2022, vitongoji vya kusini mwa mji huo, Orchard Park na Hamburg, vilifunikwa na theluji ya takriban mita mbili, ilhali vitongoji vya kaskazini, mwendo mfupi kwa gari, vilipata sehemu ndogo tu ya hiyo, na hali baridi ya pande zote mbili ilikuwa moja. Baridi haikuwagawia watu hao kwa upendeleo. Aliyegawa ni ziwa. Hewa kavu na baridi ilipita juu ya Erie, ambalo urefu wake wa kilomita zipatazo 388 umelala sambamba na njia ya upepo, na maji yake, kwa kuwa ilikuwa bado Novemba, yalikuwa yameshika joto la kiangazi kilichopita. Hewa ya chini ikapashwa moto na kulishwa mvuke, ikawa nyepesi kuliko iliyo juu yake, ikapanda, ikapoa, na kuumwaga mvuke wake wote katika ukanda mwembamba wa nchi ya ng'ambo. Watabiri wa huko wana kanuni yao mashuhuri: maji ya ziwa yaizidi hewa ya kimo cha mita 1,500 hivi kwa nyuzi 13 au zaidi, ndipo theluji ya ziwa itarajiwe kwa nguvu. Kinachopimwa, basi, ni tofauti baina ya maji na hewa; ukali wa baridi peke yake hauwaambii kitu.

Na kama bado msomaji ana shaka, na atazame yatokeayo Februari, mwezi ambao baridi ya huko imetimia. Erie ni ziwa la kina kifupi, na mara nyingi sehemu yake kubwa huganda. Likisha kufunikwa na barafu, mvuke hukatika, na theluji ya ziwa hupungua sana au hukoma kabisa, ingawa baridi imezidi. Toronto nayo, mji wenye Waafrika Mashariki wengi, ina baridi isiyopungua ile ya Buffalo, lakini haipati theluji ya ziwa kwa kiasi hicho, kwa sababu upepo wa kipupwe cha huko aghalabu huufikia mji kabla ya kulivuka Ziwa Ontario. Hata mabaharia wa maziwa hayo, mwezi wanaouhofu kuliko yote ni Novemba: tufani ya Novemba 1913 iliua watu zaidi ya 250, na meli Edmund Fitzgerald ilizama katika Ziwa Superior tarehe 10 Novemba 1975 pamoja na mabaharia wake wote 29. Tufani hizo zilitoka mbali, hilo sikatai. Lakini zilikuta chini yao maji ambayo hayajapoa.

Ziwa Victoria, basi, haliwezi kutupa theluji, kwa kuwa limelala karibu na ikweta kwenye kimo cha mita zipatazo 1,134 tu, na maji yake hukaa baina ya nyuzi 24 na 27 mwaka mzima. Lakini ile kanuni ya Buffalo iko hapa kwetu, inafanya kazi takriban kila usiku, na haingojei majira. Jua likitua, nchi kavu inayolizunguka ziwa pande zote hupoa upesi, ilhali maji, yaliyotandaa juu ya kilomita za mraba 68,800, hubaki na joto lake. Hewa ya nchi kavu, iliyo nzito kwa ubaridi, huteremka kuelekea majini kutoka Mara, Mwanza, Kagera, Uganda na Kenya, mikondo hiyo hukutana juu ya ziwa, na kwa kuwa haina pa kwenda ila juu, hupanda ikiwa imebeba mvuke, na wingu la radi likazaliwa katikati ya giza. Kuanzia saa sita za usiku hata saa tatu za asubuhi ndio muda wa dhoruba hizo, na upepo wa mashariki huzisukuma magharibi. Ndiyo sababu Bukoba hupata mvua ya milimita zipatazo 2,000 kwa mwaka, hali Musoma, iliyo upande wa pili wa maji hayo hayo, hupata takriban nusu ya hiyo au pungufu. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani hushuka kama mvua juu ya ziwa lenyewe. Nalo si peke yake duniani kwa tabia hii, kwani Ziwa Maracaibo la Venezuela, linaloongoza ulimwengu kwa wingi wa umeme wa radi, nalo hupigwa na radi zake usiku.

Mchana mambo hupinduka. Nchi kavu ikipata joto kuliko maji, upepo hutoka ziwani kwenda nchini, anga ya juu ya ziwa husafika, na radi huhamia kwenye milima ya mashariki, ambako Kericho na Nandi zimepata sifa ya kupigwa na mvua ya mawe mara nyingi kuliko karibu mahali popote duniani. Mwaka 2016 Wim Thiery na wenzake walichapisha utafiti uliotumia picha za setilaiti, wakaonyesha kwamba wingi wa radi za nchi kavu wakati wa alasiri ni dalili kubwa ya ukali wa dhoruba zitakazoliangukia ziwa usiku unaofuata.

Tazama sasa jinsi uzushi wa baridi unavyoua. Mtu aliyefundishwa kuiogopa baridi hutoka mwaloni jioni, akaona maji yametulia kama kioo, hewa ni ya vuguvugu, nyota zimejaa, akasema ziwa limelala. Huwasha karabai zake, akaenda mbali kutafuta dagaa, hasa usiku usio na mbalamwezi, ambao ndio usiku wa dagaa, na ndio usiku ambao wingu halionekani mpaka umeme umulike tumbo lake. Utulivu wa jioni ni kipindi tu baina ya upepo wa mchana uliokoma na upepo wa usiku ambao haujafika, na joto analolifurahia ndilo litakaloilisha dhoruba ya alfajiri. Ndege iliyoanguka ziwani Bukoba asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ikiwa na watu 43, ambao 19 kati yao walikufa, ilikuwa ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa kabla ya saa tatu za asubuhi, katika mwezi ambao hapana mtu aliyeulalamikia kwa baridi.

Kuhusu hirizi zinazofungwa kwenye omo ili kuufunga upepo, sina maneno mengi: hewa iliyo moto kuliko jirani yake hupanda, na haisomi maandishi. Na yule anayejiona ameendelea kwa kuwa hatazami hirizi bali hutazama simu, akaona picha ya jua na nyuzi 27 za Mwanza, namwambia kwamba picha hiyo ni ya mji, mara nyingi ya mchana, na ziwa alikokusudia kwenda halimo ndani yake.

Isidhaniwe kwamba kipupwe ni salama kabisa. Katika Juni, Julai na Agosti radi za ziwani hupungua, lakini kusi hukaza, na likipata mwendo mrefu wa maji yaliyo wazi huinua mawimbi yenye uwezo wa kuujaza mtumbwi mchana kweupe. Hatari hiyo ni ya upepo. Hujengeka mbele ya macho, na anayetazama hupata nafasi ya kurudi. Dhoruba ya usiku haitoi nafasi hiyo.

Yanayofaa kufanywa ni machache. Utabiri wa ziwa hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo pia ina rada Mwanza. Usikilizwe jioni ile ile ya safari, si wa juzi. Alasiri ukiona mawingu marefu ya radi yamejipanga juu ya nchi ya mashariki, usiku huo kaa karibu na pwani au usitoke. Ukiwa majini, ukaona umeme upande wa mashariki, usingoje kusikia radi, kwa sababu wingu laja kwako. Ng'oa nyavu, na zikishindikana ziache. Upepo wa baridi ukikupiga ghafula katikati ya usiku wa joto, hiyo ni hewa inayomwagwa na wingu lililokwisha kufika: elekeza omo kwenye wimbi, shusha uzito chini, na mtu yeyote asisimame. Boya livaliwe, lisikaliwe. Abiria na mizigo visizidi, kwa maana MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018 hazikuhitaji dhoruba ili zizame. Mwenye safari ya hiari na aende mchana, asubuhi ikisha kukomaa, kabla kusi halijakaza, na mwenye kungoja mzigo wake Arusha asimpigie nahodha simu kumharakisha.

Nawasihi wenzangu wa Olasiti na kwingineko wenye ndugu ziwani: acheni kuwauliza kama kuna baridi. Waulizeni saa ya kutoka, saa ya kurudi, utabiri wa usiku huo, na kama kila aliyemo chomboni ana boya mwilini; na jibu la moja kati ya hayo likikosekana, waambieni wasitoke.