Kufuli la runinga halimlei mtoto

Hakuna likizo inayowadia bila swali hili kuzuka tena majumbani mwetu: je, mzazi ana haki ya kumchagulia mwanawe vipindi vya kutazama kwenye runinga? Wako wanaoshikilia kwamba mtoto aachwe ajionee ulimwengu ulivyo, maadam ndio ulimwengu atakaoishi ndani yake. Wako pia wanaosema kuwa runinga ni mgeni asiye na haya, na kwamba dawa yake ni kuizima na kuuficha waya. Mimi, kama mwalimu wa Kiswahili niliyekaa na vijana darasani kwa miaka mingi, siungi mkono upande wowote kati ya hizo mbili. Mzazi ana haki ya kukataza, tena ni wajibu wake. Lakini katazo lisiloandamana na maelezo, wala na mzazi mwenyewe, humfunza mtoto jambo moja tu: kujificha.

Hebu tukumbuke tulikotoka. Televisheni iliingia nchini Kenya mwaka 1962, na kwa muda wa miaka 28 hivi wananchi walikuwa na kituo kimoja tu cha kutazama, kile cha Sauti ya Kenya ambacho mwaka 1989 kilichukua jina la KBC. Runinga zenyewe zilikuwa chache, nyingi za picha nyeusi na nyeupe, na kule mashambani ziliendeshwa kwa betri ya gari. Jioni watoto wa jirani walivua viatu mlangoni, wakaketi sakafuni na kuwatazama akina Mzee Ojwang' na Mama Kayai katika Vitimbi. Kuchagua kipindi hakukuwa na uzito. Kilichokuwapo ndicho kilichotazamwa, na babu, mama na mjukuu walikitazama kwa pamoja. Palipotokea jambo la kutia haya, mtu mzima alikohoa, au akamtuma mtoto jikoni kuleta maji, na ujumbe ukawa umefika.

Kituo cha KTN kilipoanza mwaka 1990, kisha cha Nation mwaka 1999, mambo yakaanza kubadilika. Ndizo zama ambapo lile kabati la mbao lenye milango na kufuli lilitamalaki katika sebule nyingi. Baba alipoondoka asubuhi kwenda kazini, aliondoka na ufunguo mfukoni. Mwaka 2015 nchi ilipohamia utangazaji wa dijitali, vituo viliongezeka maradufu, na leo kijana anaweza kutazama kipindi kizima kwenye simu akiwa amejifunika blanketi. Ufunguo uliotosha kabati moja hautoshi tena nyumba nzima.

Je, kuna haja gani basi ya kuzuia? Haja ipo, na si ya kubuni. Mwaka 1961, mwanasaikolojia Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani aliwachukua watoto 72 wa shule ya chekechea, wa umri wa kati ya miaka mitatu na sita. Baadhi yao walimwona mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa kwa ngumi na nyundo na kumtukana. Walipoachwa na mwanasesere huyo, watoto wale waliiga mapigo yale yale, hata na maneno yale yale. Miaka miwili baadaye Bandura na wenzake walionyesha kwamba waliotazama kitendo hicho kwenye filamu nao waliiga. Uchunguzi huo haukusema kwamba kila mtoto atazamaye vita atakuwa jambazi, na asiyekuwa mwangalifu asiusemeshe usichosema. Ulichodhihirisha ni kwamba jicho la mtoto ni mwanafunzi hodari, na kwamba mwalimu wake si lazima awe chumbani.

Kwa watoto wachanga hali ni nzito zaidi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto asiyetimiza miaka miwili asiwekwe mbele ya runinga wala simu kabisa, na kwamba wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Sababu yake ni rahisi kueleweka: umri huo ni wa kutambaa, kukimbia, kusikilizwa, kusimuliwa hadithi na kulala vya kutosha. Lakini ni mara ngapi sisi wenyewe tumeiwasha runinga ili mtoto anyamaze, tupate kupika au kuzungumza na wageni? Yaya huyo hadai mshahara wa pesa. Hulipwa kwa saa ambazo mtoto angezitumia kujifunza kunena na kucheza.

Wapo watakaosema kwamba kazi hii ni ya serikali. Ni kweli kwamba sheria ipo. Kanuni zinazosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano zinavitaka vituo vya utangazaji visionyeshe mambo ya watu wazima kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku. Bodi ya Kuainisha Filamu nayo huzipanga filamu katika viwango: za watu wote, za kutazamwa kwa ushauri wa mzazi, za waliotimiza miaka 16 na za waliotimiza miaka 18. Haya ni mema. Hata hivyo, sheria haina kiti sebuleni mwako. Tena tujiulize: je, hiyo saa nne ya usiku ina maana gani kwa familia inayoishi katika chumba kimoja pale Kibera au Mathare, ambapo mtoto hulala kwenye kochi lile lile linalotazamana na runinga? Pazia lililotundikwa katikati ya chumba huzuia macho, lakini halizuii masikio. Mzazi wa chumba kimoja hawezi kumwambia mwanawe aende chumbani kwake. Njia aliyo nayo ni kuzima chombo hicho na kujinyima yeye mwenyewe.

Hata mataifa tajiri hayakupata njia ya mkato. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1996 iliyolazimu runinga kuwekewa kifaa cha kuzuia vipindi visivyofaa watoto, na kufikia mwaka 2000 runinga mpya za kuanzia inchi 13 zikawa na kifaa hicho. Hata hivyo, kifaa chenyewe hakiamui lolote. Hungoja mzazi akae chini, asome viwango, achague. Asiyekuwa na nafasi ya kuchagua, chombo hakitamsaidia.

Sasa nitoe mfano wa yale ninayoyaona kazini. Wakati mmoja niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili insha kuhusu tamthilia waliyowahi kuitazama. Insha iliyopita zote kwa ufasaha iliandikwa na msichana ambaye babake alijulikana kijijini kwa kukataza runinga. Alimweleza kila mhusika, mavazi yake, uongo wake na machozi yake, na mwishoni akaongeza sentensi moja: alikuwa akitazamia kwa jirani, siku anazotumwa dukani. Sikuona ajabu. Katika miaka yangu ya kazi, wanaokatazwa bila kuambiwa sababu ndio wanaozijua hadithi hizo kwa kina, kwa kuwa kilichofichwa huongezeka utamu. Katazo la baba yule halikuzuia kutazama. Lilihamisha tu mahali pa kutazamia, na likamwondoa mtu mzima aliyestahili kuwa kando ya binti yake wakati yule mwanamume wa tamthilia alipompiga kofi mkewe na kusamehewa kabla ya kipindi kwisha. Nani atamwambia binti huyo kwamba kofi si mapenzi? Jirani? Mwenye duka?

Ndiyo maana nasema mzazi akitaka katazo lake lishike, aanze kwa kukijua anachokikataza. Si haki kuhukumu kipindi kwa jina lake au kwa kuwa kimetoka ng'ambo. Kaa, tazama mara moja au mbili, kisha useme. Pili, toa sababu. Mtoto wa miaka kumi anaelewa akiambiwa, "Mwanangu, kipindi hiki kinawacheka maskini, na sisi hatuwacheki maskini." Maneno hayo atatembea nayo hadi kwa jirani, mahali ambapo kufuli lako halifiki. Tatu, sheria ya nyumba iwe moja. Nimeona nyumba ambamo wavulana huachwa watazame kandanda hadi usiku ilhali dada zao wanaosha vyombo, kisha tunashangaa dada akishindwa kumaliza kazi ya ziada ya shule. Nimeona pia baba anayewafukuza watoto sebuleni ili atazame yeye yale yale aliyoyaita machafu. Mtoto wa nyoka ni nyoka, walisema wahenga. Mtoto hufuata nyayo kabla hajafuata amri.

Nne, anayenyang'anya atoe badala. Yapo mema kwenye runinga hiyo hiyo. Tangu mwaka 2014 watoto wa Afrika Mashariki wamekuwa wakijifunza hesabu na sayansi kwa Kiswahili kupitia katuni za Ubongo Kids zinazotengenezwa Dar es Salaam. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, masomo yaliyotayarishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala yaliwafikia wanafunzi kwa redio na runinga, na wazazi waliokuwa wakiiita runinga adui wakawa wa kwanza kuiwasha asubuhi. Na pale ambapo hakuna kipindi chema, kuna vitendawili, kuna bao, kuna kitabu cha hadithi. Kumwambia mtoto "zima" kisha ukaondoka ni kumwachia ukuta wa kutazama.

Kwenu walimu wenzangu, hasa mlio katika shule za bweni ambako ukumbi hufunguliwa Jumamosi jioni na runinga moja ikatazamwa na wanafunzi mia kadhaa: huko sisi ndio wazazi. Hatutoshi tukisimama mlangoni na orodha ya majina. Fasihi tunayoifundisha ina zana zote zinazohitajika. Tunawafunza vijana kuuliza dhamira ni ipi, mhusika huyu amechorwa vipi, nani amepewa sauti na nani amenyimwa. Maswali hayo hayo yaulizwe kuhusu tamthilia ya Jumamosi. Kijana aliyezoea kuuliza ni kwa nini jambazi ndiye mwenye gari zuri na mwalimu ndiye mwenye viatu vilivyochanika hatadanganywa kwa wepesi.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba mzazi akukatazaye anakuonea wivu. Muulize sababu kwa adabu. Akikupa, ipime. Akikosa kukupa, mwombe atazame pamoja nawe kisha akueleze alichokiona. Ni haki yako kuelezwa, kama ilivyo haki yake kukataza. Siku itafika utakapokuwa na chumba chako, simu yako na usiku wako, na hakuna atakayeshika ufunguo ila wewe. Malezi yote ya leo yanalenga siku hiyo. Basi mzazi mwenzangu, jioni ya leo kabla hujatafuta kufuli, tafuta kiti, ukiweke karibu na cha mwanao.