Stesheni Zilizopewa Majina na Kiu

Mtu wa Jego, huku pwani ya kusini ya Kenya, akitaka kupanda treni, anaweza kukamata matatu ya Likoni, avuke feri, kisha aelekee stesheni ya Miritini. Huku kusini tulichokuwa nacho ni vile vireli vya kiwanda cha sukari cha Ramisi, navyo vilibeba miwa, si watu.

Reli ya Mombasa ilianza kutandikwa Kilindini mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Ziwa Victoria 1901. Wengi hudhani majina ya stesheni zake yalibuniwa na wahandisi. La. Hadi Voi, reli ilifuata sana njia ya misafara ya wapagazi, na mpagazi mwenye mzigo kichwani hapapi pahali jina kwa urembo. Anasema kama panalalika, na zaidi ya yote, kama pana maji.

Maji ya Chumvi ni onyo hasa: usijaze kibuyu hapa. Mbele yake ni Taru, nyika kavu ambako misafara ilitegemea ngurunga, mashimo ya mwambani yanayokusanya maji ya mvua. Mvua ikikawia, ngurunga huwa kavu, na msafara uko taabani. Gari moshi nalo lilikuwa na kiu ile ile. Maji yenye chumvi huacha ukoko ndani ya boila na kukila chuma, kwa hiyo wakati wa ujenzi maji ya kunywa na ya injini yalisombwa kwa treni hadi huko Taru.

Majina ya wakubwa ni machache, na kwangu ndiyo yenye kuchekesha. Mackinnon Road ni stesheni ya reli inayoitwa barabara: kampuni ya Sir William Mackinnon ilikuwa imekwisha kukata njia ya magari ya ng'ombe hapo kabla ya reli. Sultan Hamud, ndani kabisa Ukambani, inamkumbuka Hamoud bin Mohammed aliyetawala Zanzibar 1896 hadi 1902, ilhali ukanda wake wa pwani uliishia maili 10 tu kutoka baharini. Port Florence, mwisho wa reli ziwani, iliyopewa jina la mke wa mhandisi, haikudumu. Wenyeji waliendelea kusema Kisumu.

Treni ya SGR, reli mpya, iliyoanza 2017, inatumia dizeli, kwa hiyo haina kiu ile. Ukitoka Mariakani, stesheni ya abiria inayofuata ni Miasenyi, bila kusimama Maji ya Chumvi wala Taru.