Kimbilio Katikati ya Hasira

Leo twafungua kitabu ambacho wengi wetu hukipita upesi tukitafuta Habakuki au Mathayo. Ni kitabu cha nabii Nahumu. Kina sura tatu tu, na karibu chote ni habari ya kuangamizwa kwa Ninawi, mji mkuu wa Ashuru. Tukikisoma tumeshiba na milango yetu imefungwa vema, chatukwaza. Twajiuliza, huruma iko wapi hapa?

Lakini tuwafikirie watu wa Lakishi. Mwaka 701 K.K. mfalme Senakeribu aliuzingira mji huo wa Yuda, akauteka. Kisha akaagiza mambo yale yachongwe katika mawe ya jumba lake la kifalme huko Ninawi. Mawe hayo yapo hata leo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Humo twaona akina mama na watoto wakihamishwa na mizigo yao, na wanaume wakichunwa ngozi. Mfalme hakuona la kuficha. Aliyaweka ukutani kama pambo.

Basi, mtu aliyepokonywa mwanawe na jeshi lile angekimbilia wapi? Samaria ulikuwa umekwisha kuanguka karibu mwaka 722 K.K. Misri nayo haikufaa, maana mwaka 663 K.K. Waashuru waliuteka hata No-amoni, mji uliozungukwa na maji, na Nahumu aukumbuka kwa jina. Kwa mtu huyo, Mungu asiyemkasirikia mwenye kuonea si kimbilio hata kidogo.

Ndiyo sababu sura ya kwanza imepangwa hivi: mstari wa 6 ni hasira kama moto, wa 8 ni gharika, na katikati, mstari wa 7, Bwana ni mwema, ni ngome yao wamtumainio. Sisi wahubiri hupenda kuunyofoa huo wa katikati na kuuandika kwenye kadi. Tumefanya hivyo mara nyingi.

Ninawi ulianguka mwaka 612 K.K. mikononi mwa Wababeli na Wamedi. Yuda nao hawakupewa ruhusa ya kujisifu; damu isiyo na hatia ilimwagwa Yerusalemu pia, na mji huo ukateketezwa karibu mwaka 586 K.K.

Kitabu chamalizika kwa swali, wala si kwa amina: mfalme wa Ashuru aulizwa ni nani ambaye ubaya wake haukumfikia. Kisomeni usiku huu, sura zote tatu. Hazizidi dakika kumi.