Kisigino Kinapouma Asubuhi, Si Baridi Peke Yake

Saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa saba, Mbeya. Mama anayewahi kupokea viazi na ndizi sokoni Mwanjelwa anateremsha miguu kitandani, anakanyaga sakafu ya saruji na papo hapo anashika ukuta. Kisigino kimechoma kama amekanyaga mwiba. Anachechemea hadi jikoni. Akishatembea kidogo maumivu yanatulia, ila jioni, baada ya kusimama kutwa, yanarudi. Majirani wana jibu tayari: "Hiyo baridi yabisi, mama. Vaa soksi."

Soksi hazina ubaya, lakini mara nyingi baridi husingiziwa. Chini ya unyayo kuna utando mgumu unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino na kusambaa hadi vidoleni. Ndio unaoshikilia upinde wa mguu kila mtu anapokanyaga. Ukibebeshwa kuliko uwezo wake, huanza kuchakaa pale unaposhikana na mfupa. Usiku mguu hulegea, vidole vikaelekea chini na utando ukakaza. Asubuhi uzito wa mwili mzima unauvuta kwa ghafla.

Tatizo hili huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, hasa wenye uzito mkubwa na wanaosimama muda mrefu: walimu, wauguzi, mama lishe. Wakimbiaji nao hawasalimiki. Kupanda mlima nako huchangia, na Iringa ina mtihani wake. Anayetoka Ipogolo kwa miguu hupanda mlima hadi mjini, na kila hatua huvuta shavu la mguu, ambalo likikaza hukivuta kisigino nacho. Akiwa na kandambili zilizolika soli, ndiyo basi tena.

Mtaalamu wa fiziotherapia hubonyeza upande wa ndani wa kisigino, hukunja kidole gumba kuelekea juu, kisha huulizia kazi, viatu na mwendo wa mgonjwa. Baada ya hapo dawa kubwa ni mazoezi, na vifaa vyake vimo nyumbani.

La kwanza hufanyika kabla ya kukanyaga chini. Mgonjwa hukaa kitandani, huweka mguu unaouma juu ya goti la pili, huvuta vidole kuelekea kwenye muundi hadi unyayo ukaze, kisha huhesabu hadi 10. Hurudia mara 10, na kwa siku hufanya hivyo mara tatu. Asiyefikia vidole kwa mkono hupitisha kanga chini ya unyayo na kuvuta ncha zake. Shavu la mguu nalo hunyooshwa kwa kusukuma ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino kikiwa chini.

La pili ni la kuujengea utando nguvu. Mwaka 2014 watafiti wa Denmark walieleza zoezi la kusimama kwenye ngazi kwa mguu mmoja, vidole vikiwa juu ya taulo lililoviringishwa. Kisigino hupandishwa kwa sekunde tatu, hutulia juu mbili, hushushwa kwa tatu. Huanzwa mara 12, siku moja zoezi, siku moja pumziko, na mzigo huongezwa taratibu kwa begi mgongoni. Baada ya miezi mitatu waliofanya hivyo walikuwa na nafuu kuliko walionyoosha tu. Baada ya mwaka makundi yote mawili yalilingana.

Kuviringisha chupa ya maji yaliyoganda chini ya unyayo kwa dakika chache hutuliza. Soli laini na plasta ya kushikilia upinde husaidia pia. Sindano ya steroidi hupunguza maumivu kwa muda, lakini inaweza kudhoofisha utando hadi ukachanika.

Wengi huogopa eksirei ikionyesha kijimfupa kilichochomoza kisiginoni. Wapo wengi wenye kijimfupa hicho wasiojua hata kama wanacho, kwa hiyo si sababu ya kukimbilia kisu.

Ganzi, uvimbe mwekundu, homa, maumivu yasiyolala usiku au yaliyoanza baada ya kuanguka ni ya kupelekwa hospitali haraka. Mwenye kisukari asiweke barafu kwenye mguu usiohisi.

Wagonjwa wengi hupona ndani ya mwaka bila upasuaji. Kwa mama wa Mwanjelwa, mwaka huo unaanzia kwenye ngazi ya kibaraza chake: kanga imeviringishwa chini ya vidole, mkono umeshika nguzo, anahesabu moja hadi tatu kabla chai haijachemka.