Unyevu wa Mahindi na Wajibu wa Meneja wa Ghala



Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 20 kati yao wakafariki dunia. Sumu hiyo hutokana na ukungu unaoota katika nafaka isiyokauka vyema. Haionekani kwa macho, wala moto wa jikoni hauiondoi. Hivyo kinga yake i shambani na ghalani.

Tangu mwaka 2019, kazi ya kusajili na kukagua majengo ya chakula iko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Wako mameneja wanaodhani kwamba cheti kikishatundikwa ukutani kazi imekwisha. La hasha! Cheti hueleza hali ya ghala siku lilipokaguliwa. Hakielezi magunia yaliyopokelewa jana jioni.

Kiwango cha unyevu wa mahindi kisizidi asilimia 13.5. Basi meneja apime kila gunia kwa mita kabla halijafika kwenye mizani. Asiye na mita atie mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, kisha aitikise. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi ni mabichi. Isipoganda, bado si uthibitisho, kwani njia hii hutambua unyevu unaozidi asilimia 15 hivi. Mita ndiyo yenye kauli ya mwisho.

Magunia yapangwe juu ya chaga, mbali na ukuta. Mbolea na dawa zikae chumba kingine. Daftari la mapokezi lionyeshe jina la mwanachama, tarehe na unyevu uliopimwa, ili kasoro ikigunduliwa ijulikane gunia limetoka wapi.

Jambo zito ni kumkatalia mwanachama aliyebeba gunia lake kutoka mbali, naye ni mwenye ghala. Lakini gunia moja bichi huambukiza unyevu yaliyo jirani, na hasara ikawa ya wote. Asifukuzwe, apewe turubai aanike, kisha apimiwe tena. Mkutano mkuu upitishe kanuni hiyo kabla ya msimu, ili meneja asibebe lawama peke yake.

Mkaguzi huja siku moja na kuondoka. Walaji wa mahindi yetu hula kila siku.