Luksemburg: Kutoegemea Upande na Suala la Lugha

Luksemburg ni nchi ndogo ya Ulaya, yenye eneo la kilomita za mraba 2,586, iliyopakana na Ubelgiji, Ufaransa na Ujerumani. Mwaka 1839 sehemu yake ya magharibi, ambayo wakazi wake wengi walisema Kifaransa, ilikabidhiwa Ubelgiji. Katika sehemu iliyobaki watu walisema lugha ya nyumbani iliyohesabiwa wakati huo kuwa lahaja ya Kijerumani. Mwaka 1867, ili kuepusha vita kati ya Ufaransa na Prussia, Mkataba wa London uliamuru kwamba nchi hiyo isiegemee upande wowote daima, na ngome za mji mkuu zibomolewe.

Hata hivyo, mkataba huo haukuwa ngao. Majeshi ya Ujerumani yaliivamia nchi tarehe 2 Agosti 1914, na tena tarehe 10 Mei 1940. Mara hii ya pili, mtawala Gustav Simon alipiga marufuku matumizi ya Kifaransa, akidai kwamba wenyeji ni Wajerumani kwa damu na kwa lugha.

Hapo ndipo suala la isimu lilipogeuka kuwa suala la uhai wa taifa. Katika sensa ya Oktoba 1941, kila mtu alitakiwa kutaja uraia wake, lugha yake ya mama na asili yake. Wananchi walionywa wasiandike Kiluksemburg, kwa hoja kwamba lahaja si lugha. Wapinzani wa utawala huo wakaeneza kwa siri mwito kwamba maswali yote matatu yajibiwe kwa jina la Luksemburg. Majibu ya awali yalipodhihirisha kwamba mwito umeitikiwa, sensa ilifutwa. Mwaka 1942 vijana walipolazimishwa kuingia katika jeshi la Ujerumani, ulizuka mgomo mkuu. Watu 21 walihukumiwa kifo wakauawa.

Mwaka 1948 kanuni ya kutoegemea upande iliondolewa katika katiba, na mwaka 1949 nchi ikawa miongoni mwa waanzilishi wa NATO. Lugha ilidumu. Sheria ya mwaka 1984 ilikitangaza Kiluksemburg kuwa lugha ya taifa, huku Kifaransa na Kijerumani vikiendelea kutumika katika utawala na mahakama.

Ni dhahiri, basi, kwamba mpaka kati ya lugha na lahaja hauwekwi na sarufi peke yake. Sheria ya 1984 ilithibitisha tu jibu ambalo wasemaji wenyewe walikuwa wamekwisha kulitoa mwaka 1941, wakijua hatari yake.